Pesa ya ziwani: Tumeuliza mgongo ulioileta?

Tumezoea hapa kuzungumza juu ya maji ya kunywa, chanjo za watoto na usafi wa jiko. Wiki hii naomba tutoke kidogo nje ya nyumba, tumfuate kijana wetu aliyekwenda kuvua dagaa. Nyumba nyingi za Bariadi, Itilima na Maswa zinakula jasho lake, na hazijui jasho hilo linatokaje.

Siku moja ya mnada mama mmoja alimleta mwanawe kituoni kwetu kwa bodaboda. Kijana wa miaka 22 hivi, mrefu, kifua kipana, viganja vimechanikachanika kwa kamba. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa ametapika damu mara mbili. Mama akaniambia, "Ustadh, huyu haumwi. Tangu aende ziwani hajawahi kuniambia anaumwa hata siku moja." Nikampima. Wengu ulikuwa umevimba kiasi cha kuupapasa kwa mkono chini ya mbavu. Mfukoni mwake nikakuta karatasi ya vidonge vya diklofenaki iliyokwisha na nyingine iliyoanzwa. Nikamuuliza anameza vingapi. "Viwili tukitoka, viwili tukirudi, dokta. Bila hivyo kamba haivutiki." Nikamuuliza kama amewahi kuona damu kwenye choo. Akanyamaza, akamtazama mama yake, kisha akasema tangu mwaka jana.

Tulimtundikia dripu na kumpa rufaa siku hiyo hiyo, na Alhamdulillah alipona. Lakini kilichonikaa moyoni si ile damu. Ni swali aliloniuliza mama yake tukiwa tunasubiri gari: "Sasa atarudi lini kazini? Bati za upande wa nyuma bado."

Simlaumu mama yule. Alikuwa akilia huku akiuliza. Swali lake ni la nyumba zetu zote, na mimi mwenyewe nimo, kama nitakavyoeleza huko mbele.

Kazi yenyewe ikoje?

Kutoka Bariadi hadi Lamadi ni mwendo wa takriban kilomita 70. Hapo Wilaya ya Busega ndipo mkoa wetu wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, unapogusa Ziwa Victoria kwenye Ghuba ya Speke. Pamba ikishauzwa, au ikiwa mvua imekataa, vijana wetu hushuka huko na begi la mgongoni na blanketi. Wengine hubaki kwenye mialo ya Busega, wengine huvuka kwenda visiwani Ukerewe na kwingineko.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Zamani taa zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni taa za umeme wa jua. Taa huachwa zikielea juu ya maji, dagaa hukusanyika kwenye mwanga, kisha vijana huzungusha wavu na kuuvuta kwa mikono hadi ndani ya mtumbwi. Wavu uliolowa maji na kujaa samaki haujui huruma. Kijana huvuta akiwa ameinama, miguu yake imo ndani ya maji yaliyoingia mtumbwini, upepo wa usiku unampiga kifuani. Wakimaliza hapo huhamia taa nyingine. Hurudi alfajiri, na hapo kazi haijaisha. Dagaa washushwe, wapimwe, waanikwe, maji yatolewe mtumbwini, wavu uliochanika ushonwe. Ndipo alale saa chache ndani ya kibanda cha bati kilichopigwa na jua, na jioni atoke tena. Mapumziko ya maana huja mwezi unapokuwa mpevu, kwa sababu taa haiwezi kushindana na mbalamwezi.

Malipo kwa kawaida ni kwa mafungu. Yakishatolewa mafuta na gharama nyingine, tajiri mwenye mtumbwi huchukua fungu lake, na kinachobaki vijana hugawana. Maana yake ni kwamba asiyetoka usiku ule hapati kitu. Huyu hana siku ya kuumwa yenye malipo. Ukilielewa hilo, ndugu msomaji, utaelewa kwa nini kijana yule alimeza vidonge badala ya kupanda gari kuja kutuona.

Kichocho: damu inayofichwa

Sisi wa bara, kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga, tunakifahamu zaidi kichocho cha mkojo. Kando ya Ziwa Victoria kinachotawala ni kichocho cha tumbo. Vimelea hutoka kwa konokono wanaoishi majini, hasa kwenye kina kifupi na majani, huogelea na kupenya ngozi bila mtu kuhisi kitu. Minyoo hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo na kutaga mayai. Mayai mengine hutoka na choo. Mengine huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, hukwama, na kidogo kidogo ini hujaa makovu. Damu ikikosa njia kwenye ini hurudi nyuma, wengu huvimba, na mishipa ya koo la chakula hutanuka kama mpira uliojazwa kupita kiasi. Siku mmoja ukipasuka, mtu hutapika damu. Ongeza juu yake kidonge kinachochubua tumbo, na mmepata yaliyomfika kijana yule.

Hapa liko jambo linalotuhusu sisi Waislamu moja kwa moja. Vimelea hivi hutoka kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali, kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Huo ndio wakati wa udhu wa Adhuhuri. Nimewaona mialoni ndugu zetu wakiingia ziwani hadi magotini kutawadha, na wengine wakioga josho la janaba hapo hapo ufukweni. Nia ni njema, twahara ni sharti, lakini njia ina madhara na mbadala upo. Maji yachotwe na kuhifadhiwa kwenye pipa lisilo na konokono kwa siku moja hadi mbili, vimelea hivyo vitakuwa vimekufa. Msikiti wa mwaloni wenye mapipa mawili, moja likijazwa leo na jingine likitumika, umewakinga waumini wake kwa gharama ndogo kuliko zulia. Aidha, kujisaidia majini au kando ya maji, jambo tulilokatazwa tangu madrasa, ndiko kunakorudisha mayai kwa konokono. Kambi isiyo na choo inajiambukiza yenyewe.

Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na kipimo chake hutegemea uzito wa mtu. Lakini haimkingi aliyerudi majini, na haiui minyoo iliyo michanga. Kwa hiyo anayeishi kwa kazi ya ziwa anahitaji kupimwa na kutibiwa mara kwa mara. Ugawaji wa dawa hii umelenga zaidi watoto wa shule. Kijana aliyemaliza darasa la saba na kwenda mwaloni ametoka kwenye orodha ile ile siku aliyoingia kwenye hatari kubwa zaidi.

Mgongo, ngiri na vidonge

Ninayoyasikia zaidi kwa vijana waliotoka ziwani ni mgongo, mabega na ngiri. Ngiri hutokea sehemu ya utumbo inaposukuma na kutokeza penye udhaifu wa ukuta wa tumbo, mara nyingi kinenani, na kunyanyua na kuvuta mizigo mizito huongeza msukumo huo. Mwanzo ni uvimbe mdogo unaorudi mtu akilala. Hauondoki kwa mizizi wala kwa kufunga kitambaa. Tiba yake ni upasuaji. Uvimbe ukigoma kurudi, ukawa mgumu, ukauma sana na mtu akaanza kutapika, hiyo ni dharura ya saa ile ile, kwa sababu utumbo umebanwa na unaweza kuoza.

Ama vidonge vya maumivu, hapo tumejidanganya sana. Diklofenaki na jamaa zake huzima kengele, moto unabaki pale pale. Vikimezwa kila siku huchubua tumbo hadi vidonda, na kwa mtu anayetoka jasho usiku kucha bila kunywa maji ya kutosha vinaweza kuumiza figo. Wapo wanaoongeza vinywaji vya kuchangamsha mwili ili wasisinzie, na wapo wanaofika kwenye tramadoli, dawa inayomfanya mtu awe mtumwa wake. Maumivu yanayohitaji kidonge kila siku ili kazi iendelee yanasema kazi hiyo imezidi mwili huo.

Vidonda vya mikono navyo visidharauliwe. Mwiba wa samaki au uzi wa wavu ukikata, jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni na kufunikwa. Si kumwagia mafuta ya taa. Kadhalika chanjo ya pepopunda. Wanawake wengi huipata wakiwa wajawazito, wanaume wengi hawajaigusa tangu utotoni. Mvuvi aiulizie.

Usingizi na maji

Ziwa Victoria lina tabia yake. Usiku upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea ziwani kutoka pande zote, hewa hukutana katikati na kupanda, na ndiyo maana dhoruba nyingi za radi juu ya maji hutokea usiku na alfajiri. Ndio wakati ule ule kijana wetu yuko kazini, hajalala vya kutosha siku ya tano mfululizo. Tena huyu ni mtoto wa wafugaji na wakulima wa pamba. Amekulia penye mabwawa ya ng'ombe, kuogelea hakujui. Taifa letu lililia MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, likalia tena MV Nyerere karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Mtumbwi mmoja wenye vijana wanne ukizama usiku hakuna bendera inayoshushwa. Kinachofika nyumbani ni simu moja.

Jaketi la kuelea huvaliwa mwilini. Likikaa chini ya dagaa ni mzigo tu. Na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zisikilizwe kabla ya kutoka, si baada ya kurudi wachache.

Tunahesabu samaki

Wengi tunaikumbuka meli ya Tawariq 1, iliyokamatwa Machi 2009 katika Bahari ya Hindi ikivua kwenye eneo letu, ikiwa na karibu tani 300 za samaki. Marehemu John Magufuli ndiye alikuwa waziri wa mifugo na uvuvi, mitaani wakaitwa "samaki wa Magufuli". Tulizungumza miaka mingi samaki wale wamekwenda wapi na kesi imeishaje. Ndani ya meli ile walikuwamo pia wanaume zaidi ya 30 wa mataifa mbalimbali, watu wanaovua, kukata na kugandisha samaki kwenye baridi kali mbali na kwao. Ni nani kati yetu aliyeuliza walilala saa ngapi? Hiyo ndiyo tabia ya biashara ya samaki duniani kote, kubwa na ndogo. Samaki hupimwa kwa kilo na gramu, aliyemvua hapimwi.

Si kwamba dunia haijui. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 188 wa kazi ya uvuvi mwaka 2007, ukaanza kutumika mwaka 2017. Unasema kwenye vyombo vinavyokaa majini zaidi ya siku tatu, mvuvi apumzike si chini ya saa 10 katika kila saa 24, na si chini ya saa 77 katika siku saba. Mtumbwi wa dagaa haukai majini siku tatu, lakini mwili ni ule ule. Jumlisha saa za usingizi za kijana wako uone zinafika wapi. Na sheria yetu wenyewe ya ajira ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuwa baharia wa chombo au kufanya kazi ya hatari. Walimu wenzangu wa madrasa, tunapoona kijana wa miaka 14 hayupo darasani na tunaambiwa "yuko ziwani", tusiitikie "Mungu amsaidie" na kufungua ukurasa.

Deni langu mwenyewe

Nimesema nimo. Ada yangu ya chuo cha utabibu ililipwa na kaka yangu kwa pesa ya dagaa. Kila muhula simu ilinikuta, nikashukuru, nikamwombea dua. Mwaka wa pili tulifundishwa ngiri. Likizo niliporudi nyumbani nilimtazama kaka akikaa mkekani, akijishika kinena kwanza kabla ya kukunja goti. Nikamuuliza. Akacheka. Usiku nikamwona akifungua kitambaa alichojifunga kiunoni. Alikuwa nacho kwa miaka mitatu, yaani tangu kabla sijaanza chuo. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Ungeacha kusoma." Alifanyiwa upasuaji, na leo anauza dagaa sokoni badala ya kuwavuta. Lakini mimi, niliyekuwa nasomea kuuliza wagonjwa maswali, sikuwa nimemuuliza swali hata moja mtu aliyenisomesha.

Atasema mtu: wewe una mshahara, usituharibie riziki. Pamba ina bei ya kubahatisha, ardhi imegawanywa hadi imekwisha, vijana waende wapi? Ni kweli. Sisemi wasiende. Kuvua ni kazi ya halali na yenye heshima, na kulima kwa jembe nako kunavunja mgongo. Ninachosema ni kwamba uhalali wa pesa hauishii kwenye kuepuka wizi na riba. Mwili ni amana, tumefundishwa hivyo tangu tungali wadogo. Anayeuharibu kwa kukosa njia huenda ana udhuru. Sisi tunaopokea na kunyamaza udhuru wetu ni upi?

Basi tufanyeje?

Kwanza, ewe baba na mama. Ujumbe wa pesa ukiingia kwenye simu, piga. Shukuru, kisha uliza mambo manne. Umelala saa ngapi jana? Unameza dawa gani, na ya nini? Umeona damu chooni au uvimbe wowote? Jaketi unalivaa? Uliza kwa upole na urudie, kwani mara ya kwanza atacheka kama kaka yangu. Akisema anakuja kupumzika wakati wa mbalamwezi, asikute orodha ya mahitaji mlangoni. Siku moja kati ya hizo iwe ya kituo cha afya: apimwe choo na mkojo, achunguzwe ngiri na mapafu, apime na virusi vya ukimwi kwa hiari yake. Kambi zina upweke na pesa ya mkononi, na ukimwi leo una dawa zinazotolewa bure.

Pili, ewe tajiri mwenye mitumbwi. Wengi wenu ni waumini wenzetu, michango yenu misikitini tunaiona, Mwenyezi Mungu aipokee. Lakini sadaka isitangulie haki. Jaketi kwa kila kijana, maji safi ya kunywa ndani ya mtumbwi, choo kambini, na zamu inayomruhusu mtu kulala usiku mmoja katika wiki bila kukosa fungu lake lote. Kijana aliyeumia kwenye wavu wako asirudishwe kwao kwa nauli tu. Gharama ya matibabu itoke pale pale inapotoka gharama ya mafuta, kabla ya mgao. Mkiweza kukatia injini mafuta kwanza, mnaweza kumkatia binadamu.

Tatu, maimamu na viongozi wa vikundi vya usimamizi wa mialo. Mapipa ya udhu, choo, na neno moja la afya baada ya swala ya Ijumaa, hasa kabla ya giza kuanza. Ramadhani ikikaribia, waelezwe mapema na masheikh hukumu ya mwenye kazi nzito aliyezidiwa, ili mtu asife na kiu kwa kuona haya kuuliza.

Ndugu msomaji, kijana yule wa mwanzo alirudi kituoni miezi michache baadaye, akiwa na mama yake, kuchukua vipimo vya marudio. Mama alikaa kimya muda mrefu, kisha akamgeukia mwanawe mbele yangu akamuuliza, "Jana umelala saa ngapi?" Kijana akainamisha kichwa akatabasamu. Bati za nyuma nadhani bado.

Mwenyezi Mungu awalinde vijana wetu walio majini usiku huu, na atujaalie kuwa watu wa kuuliza. Tukutane toleo lijalo, inshaallah. Wabillahi tawfiq.